Upande wa Fedha

Barabara kuu ya I-40 inaikata Marekani kutoka North Carolina hadi California, na njiani inapita Nashville, Tennessee. Kwa askari wa kupambana na dawa za kulevya wa maeneo hayo, barabara hiyo moja huwa ni mbili. Magari yanayokwenda mashariki ndiyo yanayobeba mzigo, kwa kuwa unga mwingi huingia kutoka kusini-magharibi na kusambaa kuelekea miji mikubwa ya mashariki. Yanayorudi magharibi yamebeba malipo: noti zilizofungwa mafungu mafungu, zikasokomezwa ndani ya milango ya gari, chini ya tairi la akiba au katikati ya nguo chafu.

Mwaka 2011 kituo kimoja cha televisheni cha Nashville kilifanya kazi ambayo haikuhitaji ujanja mwingi. Waandishi wake walichukua kumbukumbu za vikosi vya doria wakahesabu ni wapi magari yalikuwa yakisimamishwa. Upande wa magharibi, ule wa fedha, askari walikuwa wamesimamisha magari mara kumi ya upande wa mashariki. Kulikuwa hata na vikosi viwili vya maeneo jirani vikigombea kipande kilekile cha lami.

Nimeisoma habari hiyo mara nyingi, na kila mara nakwama palepale. Nipe mimi gari la king'ora uniambie nizuie unga usiwafikie watu, nitasimama upande unaokuja na unga. Halihitaji kusomea upelelezi hilo. Ukiuacha mzigo upite, ufike mjini, uuzwe, udungwe, watu wazikwe, halafu ukamvizia mwenye mauzo anaporudi, umefanya kazi fulani, ila sijui kama ni ile uliyotumwa.

Naandika haya kwa sababu ya ubishi. Nina rafiki aliyevaa magwanda ya polisi miaka mingi, na tukikutana hatuagani kabla ya kugombana kuhusu mali za wauza unga. Hoja yake ni fupi. Anasema, "Wewe hujawahi kumwona pusha anatoka jela anakuta jumba lake limepakwa rangi mpya." Kwake kifungo peke yake ni likizo. Mchukulie gari, mchukulie nyumba, fagia akaunti ya benki, hapo ndipo utakapomwona analia. Na kwa hilo sina neno. Mtu aliyetiwa hatiani kwa kuuza heroini hana haki ya kuja kuila faida yake uzeeni. Tunakogombania ni kwenye swali ambalo mwanzoni nililiona dogo, la kihasibu tu: mali hiyo ikishachukuliwa, inaingia mfuko wa nani?

Kwanza kuna jambo la sheria ambalo lazima lieleweke, maana bila hilo mengine yote yataonekana kama hadithi za kutunga. Kuna utaifishaji wa jinai, ambapo mtu anashitakiwa, anatiwa hatiani, kisha mahakama inamnyang'anya alichochuma kwa uhalifu. Huo ndio ambao wengi wetu huuwazia. Na kuna ule wa madai, ambapo hakuna mtu anayeshitakiwa kabisa. Kinachoshitakiwa ni kitu. Ndiyo maana kwenye majalada ya mahakama za Marekani utakutana na kesi inayoitwa Marekani dhidi ya Dola 124,700. Siku nilipoliona jina hilo nilijua kuna karani aliyekosea kuchapa. Hakukosea. Zile noti ndizo zilizokuwa mshitakiwa, na mwenye noti alikuwa mtu wa pembeni aliyekuja kuomba asikilizwe.

Mzizi wake ni wa baharini. Mwaka 1827 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya meli iitwayo Palmyra, iliyokamatwa kwa tuhuma za uharamia. Hakuna mtu aliyekuwa ametiwa hatiani, ndiyo iliyokuwa hoja ya upande wa meli. Jaji Joseph Story akajibu kwamba katika mashauri ya namna hii kitu chenyewe ndicho kinachohesabiwa kuwa mkosaji. Kwa zama zile ilikuwa na mantiki yake. Mwenye meli yuko ng'ambo, mkono wa sheria haumfiki, lakini meli yake ipo, imefunga nanga bandarini. Usipoikamata meli hutakamata chochote.

Sasa chukua mantiki hiyo ya meli uihamishie kwa mtu aliyesimama mbele yako kando ya barabara, ana leseni mkononi na anwani yake imeandikwa humo. Ndivyo ilivyotokea. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1970 iliruhusu kutaifisha mzigo wenyewe, vifaa vyake na vyombo vilivyoubeba. Mwaka 1978 zikaongezwa fedha. Mwaka 1984 zikaongezwa nyumba na ardhi. Katikati hapo, mwaka 1974, Mahakama ya Juu ilibariki kuchukuliwa kwa boti ya kifahari ya kampuni moja ya kukodisha iliyokutwa na bangi huko Puerto Rico, bangi ya aliyeikodi. Kampuni haikujua lolote. Jaji William Douglas, aliyepinga uamuzi ule, alikumbusha kwamba kwa kadiri walivyojua, bangi iliyokutwa mle ndani ilikuwa msokoto mmoja.

Lakini mabadiliko makubwa ya 1984 hayakuwa ya nyumba na ardhi. Yalikuwa ya mfuko. Kabla ya hapo mali iliyotaifishwa na serikali kuu ilikwenda hazina, ikachanganyika na kodi na ushuru, na askari aliyeikamata hakuiona tena. Sheria ile mpya iliunda mfuko maalumu ndani ya Wizara ya Sheria, ili vyombo vinavyokamata viendeshwe kwa vinachokamata. Ikaongeza na kitu kingine: polisi wa miji na kaunti wakishirikiana na serikali kuu, wanaweza kurudishiwa hadi asilimia 80 ya kilichopatikana. Mwaka 1986 mfuko huo uliingiza dola milioni 93.7. Mwaka 2014 uliingiza dola bilioni 4.5. Tuwe wa haki hapa: fungu kubwa la fedha za miaka ya karibuni linatokana na mabenki na matapeli wakubwa, halitoki kwenye buti za magari. Ila mlango uliofunguliwa ni uleule.

Wahenga walisema mkono mtupu haulambwi. Kilo ya kokeini ikikamatwa, inapimwa, inahifadhiwa kama kielelezo, inasubiri kesi, kisha inachomwa moto. Hainunui petroli wala redio ya upepo. Hailipi ovataimu. Dola laki moja zikikamatwa zinanunua vyote hivyo, na kamanda anapongezwa kwenye kikao cha bajeti. Hakuna sheria yoyote iliyowahi kumwambia askari auache mzigo afuate fedha. Haikuwa na haja ya kumwambia.

Wachumi wamelipima jambo hili, na hapa ndipo rafiki yangu huanza kuangalia saa. Brent Mast, Bruce Benson na David Rasmussen walichapisha mwaka 2000 utafiti uliolinganisha majimbo ambayo polisi wanaruhusiwa kubaki na mali na yale ambayo hawaruhusiwi. Pale wanaporuhusiwa, fungu la watu wanaokamatwa kwa makosa ya dawa za kulevya, kati ya wote wanaokamatwa, lilikuwa kubwa zaidi kwa takriban asilimia 20. Saa za askari hazizai. Anayekesha kwenye barabara kuu akinusa noti hayupo kwenye mtaa ambako nyumba zinavunjwa.

Utafiti ulionigusa zaidi ni wa Katherine Baicker na Mireille Jacobson wa mwaka 2007, kwa sababu ulitazama upande ambao sikuwa nimeufikiria, ule wa wanaopanga bajeti. Waligundua kwamba serikali za kaunti huwa zinaona. Polisi wakiingiza fedha za kutaifisha, kaunti inapunguza mgao wao na kuupeleka kwingine. Mwaka unaofuata mkuu wa polisi ana pengo, na pengo hilo halizibiki ila kwa kukamata tena. Waligundua pia kuwa polisi wanalielewa hilo vizuri: wanafuata faida inayobaki kweli baada ya kaunti kupunguza mgao, si ile iliyoandikwa kwenye sheria. Kabla ya kuusoma nilikuwa nikiwawazia askari wenye tamaa. Nilipomaliza nikamwona mhasibu wa halmashauri, mtu mpole mwenye miwani, akipunguza tarakimu kwenye mstari mmoja kwa sababu "wale wana chanzo chao." Na chanzo hicho kikishaingia kwenye hesabu, kinakuwa lengo la mwaka. Michael Makowsky, Thomas Stratmann na Alex Tabarrok walikuja kuonyesha mwaka 2019 nani anayelipia: serikali ya eneo ikiwa na nakisi, na sheria ya jimbo inaruhusu polisi kubaki na mali, ukamataji wa Weusi na wenye asili ya Amerika ya Kilatini kwa dawa za kulevya unapanda. Pale polisi wasiporuhusiwa kubaki nayo, nakisi haileti mabadiliko hayo.

Mkuu mmoja wa polisi huko Columbia, Missouri, alilisema wazi mbele ya kamati ya raia mwaka 2012. Alifananisha fedha hizo na senti zinazodondoka kutoka mbinguni, zinazokupatia mwanasesere au kitu unachokihitaji. Wengi walimshambulia. Mimi namshukuru, maana ni nadra kupata ukweli kwenye kamati. Na wanasesere walikuwepo kweli: kaunti moja ya Georgia ilitoa dola 90,000 kununua Dodge Viper, gari la mashindano, ikasema ni la kuwafundisha watoto kuhusu ubaya wa dawa za kulevya.

Kadiri motisha inavyokaa, ndivyo mbinu zinavyojipinda kuifuata. Mtego wa kawaida ni askari kujifanya mteja: ananunua, anamkamata muuzaji, mzigo unatoka mtaani. Mtego huo una hasara kwa kikosi, maana kinatoa fedha na kupata unga. Ukiugeuza, askari akajifanya muuzaji, hesabu inageuka pia: mteja anakuja na fedha taslimu na gari. Mji wa Sunrise, Florida, ulifanya hivyo kwa bidii hadi gazeti la huko lilipoufichua mwaka 2013. Wapelelezi walikuwa wakiwavuta wanunuzi wa kokeini kutoka majimbo ya mbali hadi kwenye migahawa ya familia karibu na maduka makubwa, wanawakamata, fedha na magari yanabaki mjini. Sajenti mmoja alijipatia zaidi ya dola 200,000 za ovataimu ndani ya miaka michache. Wakazi wa Sunrise wenyewe waliokamatwa kwenye mitego ile walikuwa wachache wa kuhesabika kwa vidole. Yaani mji uliokuwa haujafikiwa na wanunuzi wale uliwaita kwa simu.

Nirudi barabarani, ila sasa tumtazame mtu mmoja kwa karibu.

Mwaka 2012 mwanaume mmoja wa New Jersey, mtathmini wa madai ya bima, alikuwa akipita Tennessee kwenye hiyohiyo I-40. Askari wa mji mdogo wa Monterey akamsimamisha kwa mwendo kasi. Akamuuliza kama ana fedha nyingi garini. Jamaa, kwa kuwa hakuwa na la kuficha, akasema anazo. Zilikuwa dola 22,000. Akaeleza kwamba anakwenda kununua gari, na akaonyesha kuwa ana zabuni zinazoendelea kwenye mnada wa eBay. Askari alichukua fedha zote. Hakumkamata, maana hakukuwa na kosa. Alipohojiwa baadaye, askari alisema mtu yule hakuwa ameweza kuthibitisha kwamba fedha ni halali. Rudia hiyo sentensi polepole. Kisha hati ya kiapo ikapelekwa kwa jaji, na askari mwenyewe alikiri kwamba hakuandika humo habari ya zile zabuni. Jaji akatia saini. Mwenye fedha hakuwepo kusikilizwa, kwa kuwa utaratibu wa jimbo haukumtaka awepo.

Baada ya miezi minne na kelele za televisheni, mji ulikubali kumrudishia. Lakini ilimbidi arudi Monterey, safari nzima kutoka New Jersey, kuichukua hundi, na kwanza atie saini kwamba hatawashitaki.

Huyo alikuwa na kazi ya ofisini, gari zuri na mwandishi wa habari upande wake. Yule wa Dola 124,700 hakuwa na hayo. Alisimamishwa Nebraska, kwenye I-80, mwaka 2003, akiendesha gari la kukodi lililokodiwa kwa jina la mtu mwingine. Alimwambia askari hana fedha nyingi, na hilo halikuwa kweli. Walipopekua walizikuta ndani ya kasha la kuwekea vinywaji baridi, zimefungwa kwa karatasi ya foili. Mbwa wa polisi akazinusa akatoa ishara. Mzigo haukuonekana, hata chembe. Maelezo yake yalikuwa kwamba yeye na wenzake walichanga ili wanunue lori la friji Chicago, akafika akakuta limeshauzwa. Hakimu wa kwanza alimwamini. Mahakama ya rufaa, mwaka 2006, ikaona mafungu yale, safari ile na mbwa yule vinatosha kuzihusisha fedha na dawa za kulevya. Majaji wawili wakakubali, mmoja akakataa.

Kuhusu mbwa, naomba niseme neno. Mwaka 2009 mkemia Yuegang Zuo wa Chuo Kikuu cha Massachusetts Dartmouth alipima noti za dola kutoka miji mbalimbali ya Marekani na kukuta chembechembe za kokeini kwenye takriban asilimia 90. Noti moja iliyotumika kuvutia unga inapita kwenye mashine ya kuhesabia fedha benki, na mashine inazigawia nyingine. Hata mbwa asipokosea, ananusa kilichopo. Tatizo ni kwamba kipo pia kwenye pochi ya kasisi.

Unaweza kujiuliza kwa nini watu hawaendi kudai. Wengine huenda. Lakini mwenye mali ndiye anayepaswa kuwahi tarehe za mwisho, ajaze madai kwa kiapo, atafute wakili kwa gharama yake, kwa kuwa katika kesi ya madai hakuna wakili wa serikali wa kumtetea, isipokuwa pale kinachotaka kuchukuliwa kwenye mahakama ya serikali kuu ni nyumba anayoishi. Kama walichokuchukulia ni dola 1,500, wakili atataka zaidi ya hizo. Kwa hiyo unaziacha. Polisi nao wanajua kwamba utaziacha. Ripoti ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Sheria ya mwaka 2017 ilionyesha kwamba tangu mwaka wa fedha 2007 DEA, idara ya serikali kuu ya dawa za kulevya, ilikuwa imekamata zaidi ya dola bilioni 4 taslimu, na asilimia 81 zilitaifishwa mezani tu, bila shauri kumfikia jaji. Kisha mkaguzi akachukua sampuli ya ukamataji 100 akatafuta ni mingapi iliyosaidia upelelezi wowote wa jinai au kuhusiana nao. Akathibitisha 44.

Nilimsomea rafiki yangu namba hiyo. Akanyamaza kidogo, akasema, "Hao 56 huenda walikuwa wanajua kilichokuwa kinaendelea." Huenda. Ndiyo maana ya mahakama.

Na hata ukifika mahakamani, inategemea ni chumba gani. Philadelphia kilikuwepo chumba namba 478 kwenye jengo la City Hall. Watu waliochukuliwa magari, fedha na nyumba waliitwa pale wakitarajia jaji. Hakukuwa na jaji. Waliokuwa wakiita majina, wakiahirisha na kuwaeleza watu wafanye nini walikuwa waendesha mashitaka, wale wale ambao ofisi yao ilikuwa inagawana mapato. Kesi ya nyani, hakimu ngedere. Ukikosa kuja siku moja kati ya mara nyingi ulizoitwa, mali imekwenda. Familia moja ilifungiwa nje ya nyumba yake mwaka 2014 kwa sababu kijana wao alikutwa akiuza heroini ya dola 40. Wazazi hawakushitakiwa kwa lolote. Walipofungua kesi pamoja na wenzao, jiji lilikubali mwaka 2018 kuubadilisha utaratibu ule na kuwalipa waathirika.

Kuna tukio moja ambalo silipendi kulisimulia, lakini ndilo hunirudia tunapobishana. Asubuhi ya tarehe 2 Oktoba 1992, askari wa sherifu wa Los Angeles pamoja na maofisa wa idara nyingine walivamia shamba la ekari 200 kwenye milima ya Malibu, wakiwa na hati ya upekuzi wa bangi. Mwenye shamba, Donald Scott, mwenye miaka 61, alisikia mkewe anapiga kelele, akatoka chumbani na bunduki. Wakampiga risasi akafa. Bangi haikuwepo. Mwendesha mashitaka wa Kaunti ya Ventura, Michael Bradbury, alichunguza na kuandika kwamba sehemu ya kilichousukuma uvamizi ule ni tamaa ya kulitaifisha shamba. Mwanasheria Mkuu wa California alikuja kuipinga ripoti hiyo na kuwasafisha askari. Sitaki kuamua kati yao. Kinachonitosha ni kwamba swali lenyewe liliweza kuulizwa. Kama fedha za shamba lile zingekuwa zinakwenda hazina kuu, au kwenye shule, Bradbury angekuwa na la kuchunguza?

Sheria zimejaribu kujirekebisha, kwa mwendo wa konokono. Mwaka 2000 Bunge la Marekani liliongeza uzito wa ushahidi ambao serikali lazima ilete na kumpa mmiliki asiye na hatia nafasi ya kujitetea. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu, majaji wote kwa sauti moja, ilisema katiba inayozuia faini za kupindukia inayabana majimbo pia. Ilikuwa kesi ya Tyson Timbs wa Indiana, aliyekiri kuuza heroini ya mamia machache ya dola na kupoteza Land Rover ya dola 42,000 aliyoinunua kwa fedha za bima ya maisha ya marehemu baba yake. Faini ya juu kabisa kwa kosa lake ilikuwa dola 10,000. Alilipata gari mwaka 2020. Kisha mwaka 2024 mahakama hiyohiyo ikawaambia wanawake wawili wa Alabama, ambao magari yao yalikamatwa kwa dawa za watu wengine, kwamba katiba haiwapi haki ya kusikilizwa mapema kabla ya shauri lenyewe. Jaji Neil Gorsuch alikubaliana na matokeo, lakini akaandika kurasa kadhaa za mashaka juu ya mfumo mzima, mashaka yaliyohusu pia vyombo vinavyokula vinachokamata.

New Mexico iliufuta utaifishaji wa madai mwaka 2015, Nebraska mwaka 2016, Maine mwaka 2021. New Mexico ndiyo naitazama zaidi, kwa sababu ilifanya yote mawili: ikataka hukumu ya jinai kwanza, na ikapeleka mapato kwenye mfuko mkuu wa jimbo. Warekebishaji wengi hupigania lile la kwanza. Mimi nimeishia kuamini la pili ndilo lenye meno. Ukiongeza uzito wa ushahidi, askari mwenye motisha ataandika hati ya kiapo ndefu zaidi. Ukiuondoa mfuko, hana sababu ya kuiandika. Missouri ni ushahidi wangu: sheria yake inapeleka mali zilizotaifishwa shuleni, na polisi kwa miaka mingi wamekuwa wakizikabidhi kwa serikali kuu ili wapate mgao wao kwa mlango wa nyuma, shule zikabaki zinatazama. Hawakuikwepa sheria ya ushahidi. Waliikwepa sheria ya mfuko.

Rafiki yangu husema nikishafika hapa nimekuwa mchumi, na wachumi hawajui kukimbiza mtu usiku. Kweli sijui. Lakini habari ya mwisho niliyomsimulia ilihusu watu ambao hawakukimbia. Novemba 2024 Wizara ya Sheria ilisimamisha upekuzi ambao maofisa wa DEA walikuwa wakiufanya kwenye viwanja vya ndege kwa kuwaomba abiria "ridhaa". Mkaguzi mkuu alikuwa amegundua kwamba mfanyakazi mmoja wa shirika la ndege alikuwa akiwapelekea majina ya waliokata tiketi ndani ya saa 48 kabla ya safari. Malipo yake yalikuwa asilimia ya fedha taslimu zilizotaifishwa kwa abiria hao, na kwa miaka kadhaa alijikusanyia makumi ya maelfu ya dola.

Jina la abiria mmoja lilifika kwa njia hiyo. Alikataa kupekuliwa akiwa anapanda ndege, ofisa akauzuia mkoba wake. Walibishana, abiria akiwa anarekodi kwa simu. Mwishowe mkoba ulifunguliwa. Haukuwa na fedha wala mzigo. Ndege ilikuwa imeshaondoka.